Alipotoka Kariakoo, Akaja Kariakoo

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi yangu alikuwa akikosea. Kila alipoulizwa habari za babu yake, alijibu kwa maneno yale yale: "Alipotoka kariakoo, ndipo akaja kukaa hapa Kariakoo." Watoto tulicheka. Mtu atokaje mahali akahamia papo hapo? Nami, niliyejiona mjuzi wa lugha, nikathubutu kumsahihisha. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele wake.

Mjinga nilikuwa mimi. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na katika eneo hili lenye soko leo wakaweka kambi ya wapagazi hao. Kwa shangazi, kariakoo ya kwanza haikuwa mtaa, ilikuwa kazi. Babu aliingia kariakoo kama mtu aingiavyo jeshini, na alipoachiliwa akapanga chumba jirani na kambi ile ile. Sentensi moja ilibeba wasifu mzima wa mtu, nami nikaisikia kama kosa la sarufi.

Nilianza kumtafuta babu huyo. Upesi nikagundua kwamba katika kumbukumbu za watawala mpagazi huonekana kama hesabu: wangapi wametakiwa, wangapi wameugua, wangapi wamekufa. Waliokufa kwa maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, huwataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliye juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Hakuna aliyejitwisha mzigo. Hata soko lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1975, msanifu wake tunamjua kwa jina, Beda Amuli. Wapagazi walioupa mtaa jina lake, majina yao wengi hatunayo.

Basi nikaacha kutafuta jina, nikatafuta maneno. Nilirudi kwa shangazi, nikamwuliza babu alikuwa akisemaje. Akaniambia kwamba hakujua kilo. Nafaka aliipima kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi. Kichwani, chini ya mzigo, aliweka ngata aliyoisokota mwenyewe kwa kitambaa. Fedha aliziita hela hadi mwisho wa maisha yake, ingawa shilingi ilikuwa imeingia tangu mwaka 1921. Heller ilikuwa sarafu ya Wajerumani tangu mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Sarafu ilikufa, neno likabaki. Kila tunapodaiana hela pale Mtaa wa Kongo, tunatumia neno alilolishika yeye kijana, chini ya utawala uliokwisha kuondoka.

Maneno hayo hayanipi sura yake. Yananipa siku yake: alichobeba kichwani, alichopima jioni, alichokihesabu kiganjani. Kwa mtu wa kawaida ambaye hakuna karani aliyeona haja ya kumwandika, huo si urithi mdogo.

Shangazi amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nyumba yake ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, imebomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa. Sikuwahi kumwuliza babu alibeba mizigo hiyo hadi wapi, na alirudi na wenzake wangapi. Huenda angenisimulia zamani, katika miaka ile niliyoipoteza nikimcheka.

Ndugu wapenzi wa lugha, tuna mazoea ya kuwasahihisha wazee wetu. Mzee akitamka neno linaloonekana limekosewa, mwulize kwanza amelipata wapi, kisha uliandike kama alivyolitamka.