Wataalamu wa Tajriba ya Mtumiaji: Walikotoka Kitaaluma

Wataalamu wa tajriba ya mtumiaji, ambao wenyewe kwa wenyewe hujiita watu wa UX (kifupi cha Kiingereza cha "user experience"), huchunguza jinsi watu wanavyotumia simu, tovuti, mashine na huduma, kisha husaidia kuvipanga upya ili kazi ifanyike haraka, bila makosa na bila kero. Fani yao haina mlango mmoja. Daktari hupitia shule ya udaktari, wakili hupitia shule ya sheria. Mtu wa UX aweza kuwa alisomea saikolojia, uhandisi, uchoraji, isimu au anthropolojia, au alijifunzia kazini bila cheti chochote. Makala hii inaeleza fani hizo za awali, alama ambazo kila moja imeacha katika kazi yenyewe, na hali ilivyo kisiwani Mombasa, hasa wadi ya Tononoka na jirani zake.

Waliotoka kwenye saikolojia

Kizazi cha kwanza kilikuwa cha wanasaikolojia, na kilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, marubani wa ndege za Kimarekani aina ya B-17 walikuwa wakishatua salama, kisha wanakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Lawama zilimwangukia rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza, aliona kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibapa vya mabawa zilikaa karibu karibu na zilifanana. Dawa yake ilikuwa kubadili umbo la vishikio: kimoja mviringo kama gurudumu, kingine bapa kama bawa. Mkono ukaanza kutambua kabla ya jicho.

Mwanasaikolojia mwingine alikuwa Mwafrika Kusini. John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1918, alisoma falsafa, saikolojia na muziki katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na alikuwa mpiga fidla hodari. Baada ya shahada ya uzamivu Chicago, aliajiriwa na maabara za Bell, kampuni ya simu ya Marekani, akaunda huko kitengo cha kuchunguza tabia za watumiaji. Kitengo hicho kilijaribu mipangilio mbalimbali ya tarakimu kabla ya simu za vitufe kuingia sokoni mwaka 1963. Safu za tatutatu, na moja ikiwa juu, ndizo zilizochaguliwa. Vitufe vya nyota na reli viliongezwa mwaka 1968. Mpangilio huo ndio uliomo hadi leo kwenye kila "mulika mwizi", simu ya vitufe ya bei nafuu, inayouzwa Mombasa, na ndio ambao mama wa Tononoka huubonyeza anapoingiza namba ya siri ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu.

Cheo chenyewe kilichelewa kupatikana. Donald Norman alianzia uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, akahamia saikolojia, na mwaka 1988 akachapisha kitabu kuhusu milango, majiko na swichi zinazomchanganya mtu. Alipojiunga na Apple mwaka 1993, alijipa jina la kazi lenye maneno "tajriba ya mtumiaji", na kutoka hapo likaenea. Mwaka 1998 alishirikiana na Jakob Nielsen, Mdenmarki mwenye uzamivu katika mwingiliano wa binadamu na kompyuta, kuanzisha kampuni ya ushauri ya Nielsen Norman.

Waanthropolojia na wasanii

Wanasaikolojia walimleta mtumiaji maabarani. Waanthropolojia waliondoka wakamfuata. Lucy Suchman, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, aliwatazama watu wakihangaika na mashine ya kurudufu karatasi, kisha mwaka 1987 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu hawafuati mpango uliopangwa na mbunifu. Hujipangia papo hapo kulingana na hali. Genevieve Bell, mwanaanthropolojia kutoka Australia, aliajiriwa na kampuni ya Intel mwaka 1998 kwa kazi ya namna hiyo.

Mbinu hiyo ilifika Afrika Mashariki mapema. Jan Chipchase, aliyesomea uchumi na baadaye usanifu wa violesura, aliitumikia Nokia kwa kuzunguka mitaani na vijijini. Mwaka 2006, yeye na mwenzake Indri Tulusan walichunguza jinsi simu moja inavyotumiwa na watu wengi nchini Uganda. Waliikuta desturi ya "sente": mtu wa mjini ananunua muda wa maongezi, anamsomea namba zake mwenye simu ya kijijini, naye anaupokea na kumpa jamaa wa mtumaji pesa taslimu baada ya kukata chake. Hakuna mhandisi aliyeibuni huduma hiyo. Wananchi waliibuni wenyewe, na aliyezoezwa kutazama ndiye aliyeiona.

Wasanii waliingia kupitia skrini. Susan Kare alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa alipoajiriwa na Apple kuchora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984. Vidoti vichache vyeusi na vyeupe vilimtosha kuchora pipa la taka na kompyuta yenye tabasamu. Hata leo baadhi ya wabunifu wa skrini Mombasa wamefuata njia ya ukoo huo: walianza kwa kutengeneza kadi za harusi, mabango ya kampeni na nembo za maduka, kisha wakahamia programu za simu. Ujio wa Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016 na inayotumika ndani ya kivinjari, uliwarahisishia, kwani haikuwalazimu kununua programu ghali ili waanze.

Kenya na majirani: wanasheria, wataalamu wa lugha, vijana wa mtaa

M-Pesa ni mfano unaotajwa kila mahali, na kwa sababu nzuri. Majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, yalikusudia kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa mikopo kwa simu. Wateja walifanya mengine: walitumiana pesa, walizihifadhi simuni kabla ya safari, walilipana kibiashara. Timu ilitazama na kusikiliza, na huduma ilipozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ilisimama juu ya jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Baadaye ikaja Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Asili yake ni kosa la kila siku, tarakimu moja iliyobonyezwa visivyo, kosa ambalo wakala wa kibandani alikuwa akiletewa na wateja waliokuja mbio.

Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lilianzishwa na watu wa asili tofauti. Ory Okolloh ni mwanasheria aliyesoma Harvard, Juliana Rotich alisomea teknolojia ya habari, David Kobia ni mtayarishaji programu, naye Erik Hersman alikulia Sudan na Kenya. Chombo chao kilipokea ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida na kuuweka juu ya ramani. Hapo mwanasheria aliyejua ushahidi ni nini na mtayarishaji programu aliyejua ramani walihitajiana.

Kutoka kundi hilo hilo kikatokea kituo cha iHub, Nairobi, mwaka 2010, na ndani yake maabara ya UX iliyoongozwa na Mark Kamau. Kamau hakupitia njia ya kawaida ya chuo kikuu. Alijifunza ubunifu wa tovuti NairoBits, shule iliyolenga vijana wa mitaa ya mabanda. Baadaye alijiunga na BRCK, kampuni iliyotoa mwaka 2015 Kio Kit, sanduku la vishikwambi 40 kwa ajili ya darasa. Nayo njia ya kitaaluma inawakilishwa na Shikoh Gitau, Mkenya aliyepata uzamivu wa sayansi ya kompyuta Cape Town kwa utafiti juu ya watumiaji wa simu wenye kipato kidogo. Novemba 2016, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa AfriCHI ya kwanza, kongamano la Kiafrika la watafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta.

Wataalamu wa lugha nao wasisahaulike. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwishoni mwa 2004. Kazi ngumu ilikuwa kuamua kitufe kiseme nini, tena kwa maneno mafupi yanayoenea ndani ya nafasi iliyoachwa na lugha nyingine. Leo kazi hiyo ina jina na mshahara katika kampuni kubwa: mwandishi wa maneno ya skrini.

Tononoka na jirani zake

Tononoka ni wadi ya eneobunge la Mvita, kisiwani, jirani na Majengo na Tudor. Wengi huijua kwa uwanja wake wa mikutano na kandanda, ukumbi wake wa kijamii na mahakama yake ya watoto. Kwa kijana wa hapo anayetaka kazi ya UX, njia mbili ziko karibu.

Ya kwanza ni Tudor, kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kilianza kama taasisi ya kuwafunza ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, kikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, kisha Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na kutunukiwa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wanaotoka huko ni wahandisi na wanafunzi wa kompyuta. Nguvu yao ni kwamba wanajua kinachowezekana kujengwa. Udhaifu ni ule wa kozi za kompyuta kwingi nchini: somo la mwingiliano wa binadamu na kompyuta huwa moja kati ya mengi, na mwanafunzi humaliza akiwa ameandika maelfu ya mistari ya programu bila kuketi na mtumiaji hata mmoja.

Ya pili ni Mji wa Kale, ubavuni mwa Fort Jesus, ilipo Swahilipot Hub. Hapo waigizaji, washairi na wanamuziki hukaa chini ya paa moja na watayarishaji programu. Kituo hiki na mashirika kama Pwani Teknowgalz, linalowafunza wasichana wa Pwani teknolojia, ni matunda ya kipindi kilichofuata mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa na kuharakisha intaneti.

Ipo asili ya tatu, nayo haijawahi kuhesabiwa kuwa taaluma: mhudumu wa saiba, yaani duka la intaneti. Tangu huduma za serikali zihamie jukwaa la mtandaoni la eCitizen mwaka 2014, na marejesho ya kodi yafanywe kwa mfumo wa iTax, saiba za Majengo na Tononoka zimekuwa ofisi ndogo za umma. Juni inapokaribia kwisha, na pamoja nayo muda wa kuwasilisha marejesho, foleni hurefuka. Mhudumu humjazia mzee fomu, humkumbusha nywila aliyoisahau, humweleza kwa nini picha ya kitambulisho imekataliwa. Anajua ni ukurasa gani unaowakwamisha watu na ni swali lipi hulijibu vibaya, kwa kuwa analiona kila siku. Mtafiti wa kulipwa angehitaji wiki kadhaa za uchunguzi kukusanya anachokijua. Wakala wa M-Pesa yuko hali hiyo hiyo.

Mahakama ya watoto ya Tononoka yaonyesha uzito wa ujuzi wa aina hii. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa intaneti ulianza Nairobi Julai 2020 na kuenezwa nchi nzima Machi 2024. Mama anayedai matunzo ya mtoto, asiye na wakili wala kompyuta, hukutana na fomu zilizojengwa na watu wanaojua hifadhidata na kuandikwa kwa lugha ya watu wanaojua sheria. Ili fomu ile imfae, mezani panahitajika pia mtu aliyewahi kukaa upande wake wa kaunta.

Viwango na mchanganyiko wa timu

Kimataifa, mchanganyiko huo wa fani umeandikwa kuwa kanuni. Kiwango cha ISO 9241-210 kuhusu usanifu unaomzingatia binadamu, kilichotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa 2019, kinataka timu iwe na ujuzi na mitazamo ya fani mbalimbali. Ripoti ya kampuni ya Nielsen Norman ya mwaka 2013 kuhusu ajira za UX iliwakuta wataalamu waliosomea usanifu, saikolojia, mawasiliano, fasihi ya Kiingereza na sayansi ya kompyuta, bila shahada moja inayotawala.

Nchini Kenya, sheria na viwango vimeongeza mahitaji mapya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayekusanya taarifa binafsi awe na msingi halali wa kisheria, kama vile ridhaa ya mhusika. Hivyo mtafiti anayewarekodi watu maskanini lazima ajue maadili ya utafiti, somo ambalo wanasosholojia huja nalo tayari. Mwaka 2022 kikaja KS 2952, kiwango cha Kenya cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari kwa watu wenye ulemavu. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009 na linalofunza kompyuta wanafunzi wasioona, lilikuwa mstari wa mbele kukipigania. Kutokana na kiwango hicho, mtu anayetumia kisomaskrini, programu inayosoma skrini kwa sauti, tangu utotoni anaweza sasa kuajiriwa kama mpimaji wa tovuti za benki na za serikali, na sifa yake ya kwanza ya kazi ikawa miaka aliyoitumia teknolojia bila kuiona.