Wakubwa watatu wa Yalta na kiharusi

Ipo picha ambayo ukisoma historia sekondari lazima utakutana nayo. Wazee watatu wamekaa nje ya jumba la Livadia, mjini Yalta, Februari 1945. Kushoto ni Winston Churchill wa Uingereza, katikati Franklin Roosevelt wa Marekani, kulia Joseph Stalin wa Urusi ya Kisovieti. Vita Kuu ya Pili inaelekea ukingoni na hawa mabwana wanaamua dunia itakaaje baada ya hapo.

Kitu ambacho mwalimu wangu hakutuambia ni hiki: wote watatu walikuja kupigwa na kiharusi. Wote!

Kabla hatujawafuata mmoja mmoja, tuelewane kwanza. Kiharusi tunakiita kwa jina moja lakini ndani yake mna magonjwa mawili. La kwanza, mshipa wa damu kwenye ubongo unaziba, mara nyingi kwa bonge la damu iliyoganda, na sehemu ya ubongo inayotegemea mshipa huo inaanza kufa. La pili, mshipa unapasuka na damu inamwagikia kwenye ubongo. Kwa nje mgonjwa anaweza kuonekana yule yule: mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Kwa ndani ni mambo yanayopingana. Huyu anahitaji damu iyeyushwe ipite, yule anahitaji damu izuiwe isitoke.

Wagiriki wa enzi za Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, waliuita kwa neno lenye maana ya kupigwa ukaanguka, na waliamini ukiwa mkali hautibiki. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu baada ya kupasua maiti za watu waliokufa kwa kiharusi, akaonyesha damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Karne ya 19 Mjerumani Rudolf Virchow akaeleza jinsi bonge la damu linavyoweza kuganda mahali pamoja mwilini, likasafiri na kuziba mshipa mahali pengine.

Kwa hiyo tofauti ilishajulikana. Balaa ni kwamba ilijulikana kwa maiti. Kwa mgonjwa aliye hai, daktari alikuwa anakisia tu.

Sasa turudi kwenye picha.

Roosevelt ndiye aliyetangulia. Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta presha 186 kwa 108. Leo nesi wa zahanati akiona namba hizo hakuachii uondoke hivi hivi. Enzi hizo hapakuwa na vidonge vya maana vya kushusha presha. Alishauriwa apumzike, apunguze chumvi na sigara. Wananchi waliambiwa Rais yuko sawa kwa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945, miezi miwili tu baada ya Yalta, alikuwa Warm Springs, Georgia, akichorwa picha, akalalamika kichwa kinamuuma vibaya kwa nyuma, akazimia. Presha ilikuwa imepita 300. Saa chache baadaye alikuwa amekufa. Mshipa ulipasuka.

Stalin alifuata Machi 1953. Usiku alikula na kunywa na wasaidizi wake, akaenda kulala. Siku iliyofuata hakutoka chumbani, na walinzi wakaogopa kuingia bila kuitwa. Walipoingia usiku walimkuta sakafuni, hawezi kusema. Hata hapo wakubwa walivutana, na madaktari walifika asubuhi ya tarehe 2. Tena madaktari gani? Yule aliyezoea kumtibu, Vinogradov, alikuwa gerezani pamoja na wenzake, wakituhumiwa kupanga kuwaua viongozi. Waliokuja walikuwa wanatetemeka. Wakamwekea ruba nyuma ya masikio. Akafa tarehe 5. Naye damu ilimwagikia kwenye ubongo.

Churchill ni kisa kingine kabisa. Juni 1953, miezi mitatu tu baadaye, alikuwa na wageni wa chakula cha usiku pale Downing Street. Alitoa hotuba vizuri, kisha miguu ikamwishia nguvu. Kesho yake mdomo umepinda, lakini aliongoza kikao cha mawaziri na wengi hawakugundua! Wenye magazeti makubwa ya London, marafiki zake, wakakubaliana kunyamaza. (Sisi waandishi hapa tuone aibu kidogo.) Wananchi waliambiwa anahitaji kupumzika. Oktoba alisimama jukwaani Margate akahutubia chama chake. Kwa dalili zake, chake kinahesabiwa kuwa cha mshipa kuziba. Alifariki Januari 1965, baada ya kiharusi kingine.

Watu wenye majeshi na hazina ya dunia, na hakuna daktari wao aliyeweza kuchungulia ndani ya kichwa cha mgonjwa.

Hilo lilibadilika tarehe 1 Oktoba 1971. Katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo leo tunaiita CT scan. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Sasa daktari anaweza kuiona damu iliyomwagika.

Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ukaonyesha kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 muda ukasogezwa hadi saa 4 na nusu. Lakini mpe dawa hiyo hiyo mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Ndiyo maana picha inatangulia, sindano inafuata.

Unadhani haya ni ya wazungu? Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya wilayani Hai, hata baada ya kusawazisha umri: takriban watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 109.

Nilimkumbuka jirani yetu mmoja. Aliamka mdomo umepinda. Mmoja akasema karogwa. Mwingine akaleta aspirini. Wa tatu akasema aachwe alale. Alifika hospitali kesho yake jioni. Mimi na digrii yangu nilikuwa pale pale, na nikaona la aspirini ni la busara. Sikujua kwamba kama mshipa umepasuka, aspirini inaongeza kuvuja.

Stalin alilala sakafuni kwa sababu ya woga. Sisi tunawalaza wetu kwa sababu ya ubishi.

Kwa hiyo: uso ukipinda, mkono mmoja ukilegea, maneno yakivurugika, angalia saa imeanza lini, usimpe kidonge wala chakula, tafuta gari. Na presha yako, umepima lini?