Kunguru Hakujileta, Aliagizwa

Wiki jana jirani yetu hapa Satellite alipoteza vifaranga watatu asubuhi moja. Ako na kuku nyuma ya ploti, na mistari minne ya mahindi kando ya ukuta. Alienda kuchota maji, kurudi akapata kunguru wawili juu ya mabati, mmoja na kifaranga mdomoni. Akaniita. "Wewe kijana wa simu, nitafutie ile sumu serikali ilisema itawekea kunguru huko Pwani." Nikamwambia, mama, ngoja kwanza nisome. Nimesoma, na wasee, hii stori ni ya zamani kuliko babu zetu.

Kwanza tusichanganye ndege. Wale tunaoona sana hapa Nairobi ni wakubwa, weusi, kifua cheupe. Hao ni wa Afrika, walikuwa hapa kabla ya reli. Anayesumbua Pwani ni mwingine: mdogo kidogo, shingo ya kijivu, kelele mingi, na kwao ni Bara Hindi. Huyo hakujileta. Aliagizwa.

Zanzibar iliwekwa chini ya Uingereza mwaka 1890. Mwaka uliofuata akaja balozi wao mkuu, Sir Gerald Portal. Mji ulikuwa umejaa takataka, na katika miaka hiyo kunguru wakaletwa kutoka India waje wazile. Hapo lazima nicheke. Umepewa mji mzima, umeona uchafu, na jibu lako ni kuagiza ndege kwa meli? Si mikokoteni, si vibarua wa kulipwa. Ndege! Wa bure, halafu hagomi.

Kufikia 1917 huyo mfanyakazi alishatangazwa mharibifu, na aliyepeleka mayai au makinda yake alipewa zawadi. Hata miaka 30 haikuwa imeisha. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Baadaye Malindi na Watamu, na sasa anapanda bara akifuata barabara kuu, mahali malori yanasimama na watu wanatupa chakula.

Mkulima wa Kilifi ndiye analipa. Mahindi yakianza tu kuchomoza, kunguru anavuta mche apate punje iliyo chini. Ukipanda tena, anarudi. Anaiba mayai, anabeba vifaranga, anadonoa maembe na mapapai kabla hujavuna. Ndege wadogo wa Pwani pia wameisha sehemu nyingi kwa sababu anavamia viota vyao.

Sasa kumpunguza, hapo ndipo utajua huyu ndege ana akili. Ukimpiga mmoja kwa jiwe au bunduki, wenzake wanakujua, na kesho wakikuona tu wanapiga kelele na kuhama mti. Kuna mtego wa waya, kama chumba kidogo, mlango uko juu umetengenezwa kama ngazi. Ndani unaweka nyama, maji, na kunguru mmoja hai wa kuwaita wengine. Wanaingia mbawa zikiwa zimekunjwa, lakini kutoka lazima wazikunjue, na nafasi haitoshi. Unafanya kazi, ila lazima mtu aushughulikie kila siku: kulisha, kutoa, kusafisha.

Halafu kuna sumu, ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege wanaovamia chakula cha mifugo. Siku za kwanza kunguru wanapewa nyama safi mpaka wazoee, kisha ndio inatiwa dawa. Haiui papo hapo, kwa hivyo wenzake hawashtuki. Malindi na Watamu ilitumika na kunguru wakapungua kweli. Mwaka 2005 ikapigwa marufuku Kenya, wakaongezeka tena. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza linataka kuondoa kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Hata Zanzibar walishapitia hayo: miaka ya 1990 mwanzoni walitega na kutia sumu, kunguru wakapungua sana, pesa za mradi zikaisha, kunguru wakarudi.

Mimi sisemi waachwe. Ukiwa umepanda mahindi mara tatu huwezi kuambiwa umpende ndege. Lakini mnaona venye kila mara tunahesabu kunguru na hakuna anayehesabu takataka? Zile alizoitiwa na Portal bado ziko, tena zimeongezeka, na kila jalala ni mwaliko mpya.

Basi nikarudi kwa jirani. Nikamweleza kunguru wake ni yule wa kifua cheupe, wa hapa hapa, si yule wa Pwani. Na ile sumu ya serikali haiuzwi ovyo. Ile atakayouziwa kichochoroni ni kitu kingine, inaua paka, mbwa, mwewe, hata mtoto akiishika. Alinyamaza, akaniuliza nimemaliza kuhubiri.

Jumamosi tulifunika banda kwa wavu wa waya, tukatandaza mwingine juu ya mahindi machanga. Tukiwa tunafunga akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta, pale watu wa ploti tatu wanamwaga mabaki ya chakula tangu mtu wa mkokoteni aache kuja. Kunguru walikuwa sita. "Na hiyo," akasema, "utaifunika na nini?"