Texas Ilisifu Chujio, Kisha Ikalitupa

Wasee, kuna hesabu moja ya kutoka Texas, Marekani, ambayo haikosi kwenye mijadala ya bunduki: watu wenye leseni ya kubeba bastola hupatikana na hatia mahakamani mara chache kuliko raia wengine. Ni kweli. Lakini hebu tuone ilitoka wapi.

Oktoba 1991, mwanamume mmoja aligongesha gari hadi ndani ya mkahawa wa Luby's, mjini Killeen, akaua watu 23. Suzanna Hupp alipoteza mama na baba pale pale. Bastola yake ilikuwa nje kwenye gari, kwa sababu sheria haikumruhusu kuibeba. Akaanza kupigania sheria ibadilishwe. Gavana Ann Richards aliukataa mswada wa 1993. Mwaka uliofuata George W. Bush akamshinda kwenye uchaguzi, na 1995 akatia sahihi. Leseni zikaanza 1996.

Sasa cheki nani alipewa. Miaka 21 kwenda juu, bila rekodi ya makosa makubwa. Alama za vidole zichukuliwe. Uende darasani, upite mtihani wa kulenga shabaha, ulipe dola 140. Hata kama hujalipa pesa za matunzo ya mtoto, unanyimwa.

Halafu ukichuja watu hivyo, ushangae aje kwamba waliobaki hawaendi jela? Mimi niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii. Ni kama shule inayochukua wenye alama za juu peke yao, kisha KCSE ikitoka inajigamba kuwa walimu wake ni moto kuliko wa shule ya kutwa kule kijijini. Labda ni walimu. Labda ni mlango.

Na hesabu yenyewe ina kona zake. Utafiti uliochapishwa 2013 uliangalia hatia za Texas za 2001 hadi 2009. Wenye leseni walihukumiwa mara chache sana, lakini wachache walioanguka, sehemu kubwa zaidi ya makosa yao ilikuwa ya kingono, ya bunduki, au yaliyohusu kifo cha mtu.

Sasa sikia hii. Mwaka 2021 Gavana Greg Abbott alitia sahihi sheria nyingine. Tangu Septemba mwaka huo, mtu wa miaka 21 ambaye sheria haijamkataza kumiliki bunduki anaweza kubeba bastola hadharani bila leseni. Hakuna darasa, hakuna shabaha. Leseni ipo bado, kwa anayetaka.

Kwa hivyo sifa zilizopatikana kwa sababu ya chujio haziwezi kuwafuata watu ambao hawajapita kwenye chujio. Uchungu wa Hupp ni wa kweli, siubishii. Lakini mtu akikuletea hiyo hesabu ya leseni kutetea watu wasio na leseni, muulize tu: hawa unaowatetea, nani aliwachuja?