Tarehe 1 iliyopotea: historia fupi ya tarehe ndani ya mashine

Leo tuongee kidogo juu ya tarehe.

Tulikuwa tunaandika wakulima wa maharagi wa Masisi na Walikale, wale walioanza musimu A kuanzia tarehe 1 mwezi wa tisa 2022. Karatasi zilikuja na moto, sisi tukaziingiza katika programu ya intaneti. Siku ya kufunga hesabu, wote waliopanda tarehe 1 hawakuonekana. Programu iliwaweka tarehe 31 mwezi wa nane. Na kwa ile orodha, asiyeonekana hapati mbegu.

Shida ilitoka wapi? Turudi nyuma.

Oktoba 1884, kule Washington, nchi 22 zilikubali mstari wa sifuri wa dunia upite Greenwich, Uingereza. Mwezi uliofuata, kule Berlin, mkutano wa kugawa Afrika ukafunguliwa. Hakuna mtu wa Kivu aliyeulizwa, huku wala kule. Leo Kongo yetu ina saa mbili tofauti: Kinshasa inatangulia Greenwich kwa saa moja, sisi wa mashariki kwa saa mbili.

Mwaka 1988 ikatoka kanuni ya ISO 8601: anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2022-09-01. Ilikuwa dawa nzuri, juu kwetu 01/09 ni tarehe moja mwezi wa tisa, lakini kwa Mmarekani ni tarehe tisa mwezi wa kwanza.

Mwaka 1995 Brendan Eich akatunga JavaScript, lugha ambayo kurasa nyingi za intaneti zinatumia mpaka leo. Mwaka 2009 kanuni za lugha hiyo zikaongezewa amri inayoitwa toISOString. Inageuza tarehe kuwa maandishi ya ISO, lakini kwanza inaipeleka kwenye saa ya Greenwich. Herufi Z ya mwisho ndiyo inasema hivyo.

Sasa angalia. Kalenda ya programu yetu ilishika tarehe 1, saa sita kamili ya usiku, saa ya Goma. Greenwich ilikuwa bado saa nne ya usiku wa jana yake. Ikaandika: 2022-08-31T22:00:00.000Z. Tarehe zingine zote nazo zilirudi nyuma siku moja, ila hazikutoka ndani ya mwezi, ndiyo maana hatukushtuka.

Mashine haikudanganya. Mkulima alitupa siku, sisi tukaifanya kuwa saa na dakika. Tulirudia karatasi moja moja, na tangu hapo tarehe ya kupanda tunaiweka kama maandishi matupu: mwaka, mwezi, siku, bila saa.

Ndugu zangu mnaokusanya orodha za mbegu, za chanjo ao za wahamaji, kabla ya kwenda kijijini jaribuni kwanza kuingiza tarehe 1 ya mwezi. Ikigeuka, msitoke.