Uaminifu na Haki katika Kazi ya Pamoja: Paulo, Barnaba na Marko

Watumishi wawili wa Injili waweza kutengana kwa sababu ya mtu wa tatu. Ndivyo ilivyowatokea Mtume Paulo na Barnaba, wala Mtakatifu Luka hakulificha jambo hilo (Mdo 15:36-40).

Katika safari yao ya kwanza ya kimisionari walifuatana na Yohane Marko, msaidizi wao. Walipofika Perga katika Pamfilia, Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu (Mdo 13:13). Luka hasemi kwa nini. Wawili hao wakaendelea, na huko Listra Paulo akapigwa mawe hata akadhaniwa amekufa. Basi walipopanga safari nyingine, Barnaba alitaka kumchukua Marko tena, Paulo akakataa. Mabishano yakawa makali.

Paulo alikuwa na hoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2410) inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe, ilimradi makubaliano yenyewe ni ya haki. Anayeacha kazi katikati huwatwisha wenzake mzigo wake. Jumuiya Ndogo Ndogo iliyowahi kulima shamba la pamoja inalijua hili: siku ya kupalilia wanakuja sita, siku ya kuvuna wanakuja ishirini. Kugawa sawa kwa wote siku hiyo tusikuite upendo. Ni kuwanyang'anya wale sita jasho lao.

Na Barnaba je? Marko alikuwa binamu yake (Kol 4:10), na nikiri kwamba nilipokuwa seminari nilimdhania upendeleo tu. Lakini Barnaba ndiye aliyemchukua Paulo na kumpeleka kwa mitume, wakati wanafunzi wote wa Yerusalemu walipomwogopa (Mdo 9:26-27). Alichomwombea Marko, Paulo mwenyewe alikuwa amekwisha kukipokea. Haki katika ushirika haiishii kwenye kupima mchango wa jana. Inadai pia kwamba aliyekosa asikilizwe, aonyeshwe deni lake waziwazi, kisha apewe njia ya kulilipa. Katika shamba letu, asiyepalilia na apunguziwe mgawo, kwa kanuni iliyokubaliwa kabla ya mbegu kuingia ardhini, naye akiwapo. Msimu ujao jina lake lisifutwe.

Hawakuafikiana. Barnaba alikwenda Kipro pamoja na Marko, Paulo akapita Siria na Kilikia pamoja na Sila. Luka hatoi hukumu. Hata hivyo, akiwaandikia Wakorinto, Paulo anamtaja Barnaba kwa heshima, kama mwenzake katika kujitegemea kwa kazi (1 Kor 9:6), na katika Waraka kwa Filemoni Marko amehesabiwa tena miongoni mwa watenda kazi wake. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo yu kifungoni na Dema amemwacha. Anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi, na amletee joho aliloliacha Troa.