Kung'oa meno mazima ili mengine yapangike: ugomvi wa miaka mia moja

   Leo sitaandika habari za kazi wala za theluji ya huku Ohio. Nataka kujibu swali la Mama, kwa sababu lilinishinda kwenye simu na najua wengi wenu mngeuliza vilevile.

Nilimwambia kwamba mjukuu wake atawekewa vyuma vya meno, na kwamba daktari amesema kwanza ang'olewe magego madogo manne, yale yanayofuata chonge, mawili juu na mawili chini. Mama akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Yameoza?" Nikasema hapana. "Yanamuuma?" Hapana, Mama, ni mazima. "Sasa anayang'oa ya nini?"

Basi nikaanza kusoma, na nimegundua kwamba swali la Mama ndilo swali lililowagombanisha madaktari wa meno wa huku kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza niseme kwamba kung'oa jino zima si jambo geni hata kwetu. Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamasai mawili ya katikati ya chini. Lakini ile ilikuwa alama ya kabila na ya kukua. Hii ya madaktari hoja yake ni nafasi. Taya ni kama kiti cha daladala, kimetengenezwa kwa watu wanne wakakaa sita. Ama utashusha abiria, ama utarefusha kiti, ama watu watakaa upande upande. Wazo la kumshusha abiria ni la kale sana. Tabibu Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba jino la utoto likikataa kutoka wakati jino la ukubwani limeshaota, ling'olewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka likae mahali pake. Mfaransa Pierre Fauchard naye alieleza mwaka 1728 jinsi ya kunyoosha meno kwa kuyafunga kwenye bamba la chuma.

Ugomvi wenyewe ulianza Marekani na mtu aitwaye Edward Angle. Huyu ndiye aliyeifanya kazi ya kupanga meno iwe taaluma inayojitegemea, na mwaka 1900 alianzisha shule yake mjini St. Louis. Hapo mwanzo yeye mwenyewe alikubali kung'oa meno. Baadaye akabadilika kabisa, na kitabu chake cha mwaka 1907 kilipinga jambo hilo waziwazi. Alisema binadamu ameumbwa na meno 32, na kwamba yakipangwa yote vizuri, taya litakua na kuyapokea, kwa sababu mfupa hujijenga kufuatana na kazi unayopewa.

Kuna jambo moja katika habari za Angle ambalo limenigusa. Kwa muda mrefu kipimo chake cha sura nzuri kilikuwa Apollo wa Belvedere, sanamu ya kale iliyoko Vatican. Alikuwa na rafiki yake msanii, Edmund Wuerpel, akamwomba amtafutie kanuni moja ya uzuri wa uso ambayo madaktari wangeifuata. Wuerpel akamwambia kanuni hiyo haipo, kwa sababu nyuso za watu zinatofautiana mno. Angle akakubali, akasema basi sura nzuri ya kila mtu itapatikana meno yake yote yakikaa sawa. Shikeni neno hilo la Wuerpel, nitalirudia.

Aliyempinga Angle alikuwa Calvin Case wa Chicago. Mwaka 1911, katika mkutano wa madaktari wa meno, Case alisema kuna watu wachache ambao kwao kung'oa ni lazima, maana ukiyabakiza meno yote mdomo hutokeza mbele kupita kiasi, na urithi wa mtu haubadilishwi kwa waya. Wafuasi wa Angle, wakiongozwa na Martin Dewey, walimjia juu, na majibizano yao makali yakachapishwa. Angle alikuwa na shule, wanafunzi na sauti kubwa, hivyo upande wake ukashinda. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mmarekani aliyekwenda kupangwa meno mara nyingi alibaki nayo yote.

Aliyekuja kugeuza mambo alikuwa mwanafunzi wa Angle mwenyewe, jambo ambalo ni la kawaida katika historia. Charles Tweed alifanya kazi karibu sana na mzee huyo katika miaka yake ya mwisho. Angle alifariki mwaka 1930, naye Tweed akaendelea kutibu watu mjini Tucson, Arizona, bila kung'oa, kama alivyofundishwa. Baada ya miaka kadhaa akaanza kuwaita wagonjwa wake na kuwatazama upya. Kwa wengi meno yalikuwa yamerudi kusongamana, na kwa wengine midomo ilikuwa imetokeza. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwatibu tena, safari hii akiwang'oa magego madogo manne, na mwaka 1940 akaonyesha hadharani kazi ya wagonjwa 100 waliotibiwa kwa njia zote mbili. Waliomwita msaliti hawakukosekana, lakini picha na plasta za meno zilikuwa mezani, kila mtu aone.

Wakati huohuo huko Adelaide, Australia, Raymond Begg, naye mwanafunzi wa Angle, alikuwa akichunguza meno ya wenyeji wa kale wa nchi ile. Aliona chakula chao kigumu chenye mchanga kilisaga meno mpaka yakapungua upana, hivyo nafasi ikapatikana yenyewe. Mwaka 1954 aliandika kwamba sisi wa vyakula laini hatusagi meno, kwa hiyo kung'oa ni kufanya kilichokuwa kikifanywa na maumbile. Hoja hiyo ilipingwa baadaye, lakini wakati ule ilisaidia sana upande wa kung'oa.

Sasa tazameni tarakimu hizi. Katika kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina, waliong'olewa meno kabla ya kuwekewa vyuma walikuwa asilimia 30 mwaka 1953. Mwaka 1968 wakafika asilimia 76. Mwaka 1993 wakarudi asilimia 28. Mataya ya watu hayakubadilika kiasi hicho ndani ya miaka 40. Kilichobadilika ni imani ya madaktari.

Kwa nini imani ilirudi nyuma? Sababu zilikuwa kadhaa. Vyuma vya zamani vilikuwa pete zinazozunguka kila jino na kula nafasi, lakini tangu miaka ya 1970 vilianza kugandishwa kwa gundi juu ya jino. Kukawa pia na hofu kwamba kung'oa kunaharibu kiungo cha taya. Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan liliamua mgonjwa mmoja alipwe dola 850,000 kwa dai la namna hiyo, ingawa utafiti uliofuata haukuona kwamba kung'oa ndiko kunakoleta maradhi hayo. Lakini kubwa zaidi ni kazi ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1981 Robert Little na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo, wakiwa wamekaa angalau miaka 10 bila kifaa cha kushikilia meno. Karibu theluthi mbili meno yao ya mbele ya chini yalikuwa yamesongamana tena. Kumbe hata ukishusha abiria, kiti hakitulii. Ndiyo maana siku hizi unaambiwa uvae kifaa cha kushikilia meno usiku kwa miaka na miaka, uwe umeng'olewa au hukung'olewa.

Na sura je? Tweed na wenzake walipima wapi meno ya mbele yasimame, na vipimo vya zama zile vilitokana na nyuso za Wazungu. Baadaye watafiti walichapisha vipimo vya Wamarekani weusi, na vikaonyesha kwamba kwao ni kawaida meno kuegemea mbele zaidi na midomo kujaa. Ukiuchukua uso wa Mwafrika ukaupima kwa rula ya Mzungu, utaambiwa mdomo umezidi. Ndilo lile neno la Wuerpel.

Nikiwa na haya kichwani nilirudi kwa daktari wetu nikamuuliza, binti yangu ang'olewe kwa sababu ya nafasi au kwa sababu ya mdomo? Akasema yote mawili, "ili mdomo urudi ndani kidogo." Nikaenda kwa daktari wa pili. Yeye akapima, akaeleza vizuri: upungufu ukiwa chini ya milimita 4, kung'oa si lazima mara nyingi. Ukifika milimita 10, karibu hakuna njia nyingine. Katikati ya hapo ni kuchagua. Wa binti yetu ni milimita 6. Akasema bila kung'oa anaweza kupanua kidogo na kupunguza ukingo wa baadhi ya meno, ila mdomo utabaki ulivyo, labda utokeze kidogo zaidi.

Tukamwuliza mwenyewe. Akaenda kwenye kioo, kisha akachukua ile picha ya Bibi ya siku ya harusi iliyoko sebuleni, akaitazama. Akasema, "Uache."

Kwa hiyo Mama, hang'olewi. Ingekuwa milimita 10 ningekubali ang'olewe, na ningekuomba usinikasirikie, maana kuna watoto wanaohitaji kweli. Ila swali lako lilikuwa sahihi, na ningelijua mapema ningemuuliza daktari siku ile ile ya kwanza. Nanyi mtakaopata ushauri kama huu huko Dar au Mombasa, ulizeni ni milimita ngapi, na mdomo unapimwa kwa rula ya nani.

Vyuma vinawekwa wiki ijayo.